Tunapinga ubaguzi, na sasa tunaambiwa tunabagua

Ndugu Mshauri,

Naongoza shirika la haki za binadamu ambalo mimi na wenzangu wanne tulilianzisha tukiwa mawakili vijana. Tumewatetea watu waliofukuzwa kwenye ardhi yao, mahabusu waliosahauliwa gerezani, wanawake waliopigwa na waume zao, na watu wenye ulemavu walionyimwa ajira. Nakueleza haya ili uelewe kwa nini jambo hili limenichoma.

Mwezi uliopita mwanasheria wetu asiyeona aliacha kazi. Nilitarajia barua ya kawaida ya kuaga na kushukuru. Badala yake aliandika kwamba muda wote aliokuwa nasi makabrasha ya vikao yalimfikia yakiwa yameskaniwa kama picha, kwa hiyo programu yake ya kusoma skrini haikupata hata herufi moja, na ilimbidi amwombe mwenzake amsomee dakika chache kabla ya kikao. Kwamba hakuwahi kupewa kesi ya kuongoza, ila kila ripoti ya mwaka ilitoka na picha yake. Kwamba tulipounda Kamati ya Ujumuishi tulimfanya mwenyekiti bila kumuuliza, bila kumpunguzia kazi nyingine na bila bajeti. Nakala aliwatumia wafanyakazi wote.

Tangu hapo midomo imefunguka. Wafuatiliaji wetu wa mashinani, wanaojua lugha za wenyeji na ambao hukutana na polisi kabla yetu, wanasema wanapewa posho bila bima ilhali sisi wa makao makuu tuna mishahara. Vijana wa mafunzo kwa vitendo wanasema kukaa miezi sita bila malipo ni jambo la watoto wa wenye uwezo. Wafanyakazi wawili washika dini nao walikuja ofisini kwangu wakisema wanachekwa kwa imani yao na hawathubutu kutoa maoni. Kila mtu ana lake.

Nami nina langu. Nusu ya wafanyakazi wetu ni wanawake, na sijawahi kumkataa mtu kwa jinsi alivyo. Tunaajiri kwa sifa: shahada ya uzamili, Kiingereza fasaha, uzoefu katika shirika la kimataifa. Nikianza kujaza nafasi kwa kuangalia nani kiziwi na nani anatoka jamii gani, naogopa ubora wa kesi utashuka, na atakayeumia ni mteja.

Mfadhili wetu mkuu naye ameuliza sera yetu ya ujumuishi na anataka jibu kabla ya kusaini mkataba mpya. Mjumbe mmoja wa bodi anashauri tulete mtaalamu atupe semina ya siku moja, tuajiri mtu mmoja mwenye ulemavu kuziba pengo, kisha tugawe dodoso ambalo kila mfanyakazi atajaza jina, dini, kabila na hali yake ili tupate takwimu za kumpelekea mfadhili. Nifuate ushauri huo? Na huyu aliyeondoka, nimwombe arudi?

Mkurugenzi Niliyechomwa

—

Ndugu Mkurugenzi,

Nianze na aliyeondoka, maana ndiye mwenye dai la kwanza. Usimwombe arudi. Ukimwomba sasa, wakati mfadhili anagonga mlango, ataona picha yake ndiyo inayotafutwa tena. Mwandikie barua fupi. Yataje yale matatu aliyoyasema, moja baada ya jingine, na uyakiri. Usiweke "lakini" ndani yake, wala usieleze kwamba nia yenu ilikuwa njema. Nakala iende kwa wale wale aliowatumia yeye. Kama mngependa awaeleze zaidi, muajiri kwa siku kadhaa kama mshauri mwelekezi na umlipe kiwango mnachowalipa washauri wengine. Akikataa, mwache apumzike.

Suala la makabrasha ulilipitia haraka kwenye barua yako. Mimi nitakaa nalo kidogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006, unasema katika kifungu cha 2 kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, pale ambapo si mzigo usiobebeka kwa mwajiri, ni ubaguzi. Haukusema ni upungufu wa huduma. Wewe ni wakili uliyetetea watu walionyimwa ajira kwa ulemavu, kwa hiyo kifungu hicho unakijua, na huenda umekisoma kwa sauti mbele ya hakimu. Marekebisho aliyoyahitaji mwenzako yalikuwa kutumiwa faili lenyewe lililochapwa, badala ya karatasi iliyopitishwa kwenye skana. Hayagharimu chochote. Na kwa kuwa hayagharimu chochote, sababu ya kutofanyika kwake ni moja tu: hakuna aliyeona kwamba ni kazi yake kuyafanya.

Unaposema hujawahi kumkataa mtu kwa jinsi alivyo, nakuamini. Ila sheria haikuulizi hilo peke yake. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, unaupima ubaguzi kwa matokeo: tofauti yoyote au upendeleo wowote unaobatilisha au kupunguza usawa wa fursa. Unaweza kubagua ukiwa na moyo safi kabisa.

Mganga hajigangi, na ninyi si wa kwanza. Mapema 2019 ripoti huru iliyoagizwa na shirika la haki za binadamu la Amnesty International lenyewe, baada ya vifo vya wafanyakazi wawili waliojiua mwaka uliotangulia, ilieleza mazingira ya kazi yenye sumu, uonevu, na wafanyakazi wasiowaamini viongozi wao. Mwaka 2022 uchunguzi mwingine huru ulisema tawi la shirika hilo nchini Uingereza lina ubaguzi wa rangi uliojengeka ndani ya taasisi. Julai 2020 takriban wafanyakazi 1,000 wa sasa na wa zamani wa shirika la tiba la Médecins Sans Frontières walitia saini tamko lililolituhumu shirika lao kwa ubaguzi wa aina hiyo hiyo. Sikutajii haya ili upate faraja ya kuwa na wenzako. Nataka uone jinsi linavyotokea. Kazi ya haki ina dharura kila siku: kuna mtu kakamatwa, kuna amri ya mahakama ya kuzuia kubomolewa kwa nyumba. Anayesema "sijapata makabrasha yanayosomeka" huonekana mtu wa mambo madogo. Akisema mara ya pili huonekana anaihujumu kazi yenyewe. Mara ya tatu hasemi. Anaandika barua ya kuacha kazi.

Sasa takwimu yako ya nusu. Mwaka 1976 mahakama nchini Marekani iliwakatalia wanawake weusi walioishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Kampuni ilikuwa imeajiri wanawake kwa miaka mingi, kwa hiyo mahakama ikasema hakuna ubaguzi wa jinsia; na ikakataa kuliunganisha dai la jinsia na la rangi. Ukweli ni kwamba wanawake walioajiriwa miaka hiyo ya nyuma walikuwa weupe. Weusi walianza kuajiriwa baada ya 1964, na kampuni ilipopunguza watu kwa kufuata ukongwe kazini, wao ndio walioondoka. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliitumia kesi hiyo kuonyesha jinsi mtu anavyoweza kudondokea katikati ya makundi mawili ambayo kila moja, likihesabiwa peke yake, linaonekana liko salama. Basi rudi kwenye nusu yako. Ni wanawake wepi? Wangapi wanaongoza idara? Wangapi ni wafuatiliaji wa posho? Yupo aliyekulia kijijini, au wote wamepita shule zile zile mlizopita ninyi watano?

Hapo ndipo tunafika kwenye sifa, na hofu yako ya ubora siidharau. Mteja anayesubiri hukumu hana muda wa kumsubiri wakili ajifunze kazi. Mkataba namba 111 niliokutajia unakulinda: sifa inayotokana na matakwa halisi ya kazi yenyewe si ubaguzi. Ichukue kila sifa kwenye tangazo lenu na uiulize swali hilo. Leseni ya uwakili kwa anayekwenda mahakamani inapita bila ubishi. Kiingereza fasaha kwa anayeandika rufaa ya kimataifa inapita. Kiingereza fasaha kwa anayechukua maelezo ya mashahidi ambao hawakijui inapita kwa njia gani? Na uzoefu katika shirika la kimataifa unapima nini, kama si kwamba mtu alikwisha kuchaguliwa na wengine wanaofanana nanyi? Huenda mtagundua kwamba sifa iliyokosekana kwenye tangazo, lugha ya wateja, ndiyo inayobeba kesi zenu.

Kisha usaili. Watafiti wawili walituma karibu wasifu 5,000 wa kubuni kwa waajiri wa Boston na Chicago, wakiyagawa majina kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa 2004. Wenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu waliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina yanayosikika kuwa ya watu weusi. Waajiri wale, naamini, wangeapa kama ulivyoapa wewe. Kwa hiyo ondoeni majina na shule kwenye wasifu kabla ya mchujo wa kwanza. Waulizeni wasailiwa wote maswali yale yale, na kila msaili aandike alama zake kabla ya kusikia za mwenzake, hasa kabla ya kusikia zako. Mkurugenzi akisema kwanza "huyu kijana yuko vizuri", usaili umekwisha. Kwenye tangazo andikeni wazi kwamba mwenye kuhitaji mkalimani wa lugha ya alama, maandishi makubwa au muda wa ziada aseme, mtalipia. Kikao kirefu huhitaji wakalimani wawili wanaopokezana, basi wekeni wawili kwenye bajeti.

Semina ya siku moja haina madhara, ila usiitegemee. Utafiti uliochapishwa 2006, uliofuatilia kampuni 708 za Marekani kwa miaka mingi, ulikuta kwamba mafunzo ya kubadilisha mitazamo yalifanya kidogo sana kuongeza wanawake na watu weusi kwenye uongozi. Kilichofanya kazi zaidi ni kumpa mtu au kamati dhamana ya matokeo, pamoja na mamlaka. Kamati yenu ilikuwa na jina tu. Ifufueni ikiwa na bajeti yake, saa zake ndani ya saa za kazi, na nguvu ya kuzuia ajira ambayo haikufuata utaratibu. Mwenyekiti atoke kwenye menejimenti. Ndiyo, namaanisha mmoja wenu, ambaye tathmini yake ya mwaka itaulizwa habari hizi.

Na kumwajiri mtu mmoja mwenye ulemavu kuziba pengo, huo ndio mtego uliomnasa mwenzako. Mwanasosholojia Rosabeth Moss Kanter aliandika 1977 kuhusu mtu aliye peke yake katika kundi la wasiofanana naye: hutazamwa kuliko wote, kosa lake huwa la kabila lake lote au jinsia yake yote, na mafanikio yake husahaulika upesi. Nafasi iliyoachwa ni ya mwanasheria. Itangazeni kama ya mwanasheria, tangazo lifike kwenye vyama vya watu wenye ulemavu na kwenye vyuo ambavyo hamjawahi kuvitembelea, na atakayepatikana apewe kesi.

Wafuatiliaji sasa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito kuliko kote, na nimeona umewapa sentensi moja. Sera ya ujumuishi isiyogusa orodha ya mishahara ni karatasi ya kumwonyesha mfadhili. Watu hawa ndio wanaofikiwa kwanza na hatari, ndio wanaojulikana kwa majina na wale mnaowashtaki, na wanaishi mtaa mmoja nao baada ya ninyi kurudi makao makuu. Huenda wanapewa posho kwa sababu andiko la mradi liliwaita "wasaidizi wa jamii" miaka mingi iliyopita na hakuna aliyeligusa neno hilo. Andikeni upya. Mikataba, bima ya afya na ya ajali, mpango wa kuwahamisha wakitishiwa, na njia ya kupanda cheo isiyodai shahada ya uzamili. Kama fedha hazitoshi kwa wote, punguzeni idadi ya miradi kabla ya kupunguza utu wa wanaoibeba. Na mkipanga mkakati wa kesi inayotoka eneo lao, wakae mezani tangu kikao cha kwanza. Kanuni za Paris za 1993, zilizoandikwa kwa ajili ya tume za taifa za haki za binadamu, zinadai muundo wa tume uwakilishe nguvu mbalimbali za jamii. Hazikulazimishi wewe, lakini itakuwa ajabu kuidai serikali kitu ambacho kikao chenu cha Jumatatu hakina.

Vijana wa mafunzo: walipeni. Mkishindwa kuwalipa kumi, chukueni watatu.

Wale wawili washika dini wanahitaji jibu la uangalifu, maana hapa mashirika mengi hukosea kwa pande zote mbili. Uhuru wa dhamiri upo kwenye kifungu cha 18 cha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, na hakuna aliyeandika kwamba unaishia kwenye mlango wa shirika la haki. Kumcheka mtu kwa sala yake ni unyanyasaji kama mwingine wowote na ushughulikiwe hivyo. Kwa upande wa pili, hakuna mfanyakazi wenu mwenye ruhusa ya kuchagua mteja. Anayekuja na dai la haki anahudumiwa na yeyote aliye zamu, kwa adabu ile ile, hata kama maisha yake yanapingana na imani ya anayemhudumia. Waambie hivyo waziwazi, wao na wale wanaowacheka. Usimdai mtu atangaze anachoamini moyoni, mdai kazi.

Dodoso lenye majina, sitisha leo. Ninyi ni shirika linaloweza kupekuliwa. Orodha inayoonyesha nani ni wa dini gani, kabila gani na ana hali gani ya afya ikiangukia mikononi mwa watu wasiowapenda, mtakuwa mmewafanyia kazi yao. Hata bila majina, ofisi ndogo haifichi mtu: "mwanamke, chini ya miaka 35, mwenye ulemavu" anajulikana na kila mmoja wenu. Kusanyeni kidogo, kwa hiari, kupitia mtu wa nje asiyewapa chochote zaidi ya jumla, na kundi lolote lenye watu wachache mno lisitajwe peke yake. Maswali yawe ya mambo mnayoweza kuyarekebisha: je, unapata makabrasha kwa namna unayoweza kuyatumia, kwa wakati? Vikao vya jioni vinakuzuia? Mara ya mwisho wazo lako kubadilisha uamuzi ilikuwa lini?

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Katika shirika lenu, mwenye malalamiko dhidi ya mkurugenzi anampelekea nani? Nadhani ni mkurugenzi, au bodi ambayo nusu yake mlianzisha naye shirika. Tafuteni mtu wa nje wa kuyapokea, na utaratibu huo uwaguse pia wanaojitolea, walio kwenye mafunzo na waombaji kazi, kama Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini unavyowajumuisha. Na bodi iwe na ukomo wa vipindi. Ninyi watano mkikaa humo mpaka mchoke, hakuna sera itakayobadilisha sura ya meza hiyo, kwa sababu viti vyenyewe havijawahi kuwa wazi. Hili linakuhusu wewe pia, ndugu yangu, hata kama si mwaka huu.

Kuhusu mfadhili, usimtumie sera iliyonakiliwa kwa shirika jingine. Anazo nyingi kwenye kabati na anazitambua. Mwandikie kwamba mwanasheria ameondoka na sababu zake, bila kumtaja jina. Eleza mnachobadilisha kwenye ajira na mikataba ya wafuatiliaji, na kwa tarehe ipi. Kisha ambatisha bajeti: bima, wakalimani, malipo ya vijana, mpokea malalamiko wa nje. Fungu hilo mwombe alichangie yeye. Aliyeuliza kuhusu ujumuishi ana wajibu wa kuulipia, na akikataa kuulipia utakuwa umejua alichokuwa anauliza.

Wako,
Mshauri